Makengeza ya Kobalto

Jumamosi ile asubuhi, Obdulia Cerón hata hajamaliza kupanga midoli yake kwenye meza ya ukumbi wa maonyesho, kamati ilishamfikia na kibandiko chekundu. Kibandiko chenyewe hakikuzidi ukucha wa dole gumba, na kiliandikwa neno moja tu: IMEHARIBIWA. Aliyekishika alikuwa Wakili Evaristo Urrutia, mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji wa midoli ya zamani pale mjini Neza. Alisoma sheria miaka miwili, akaishia kugonga mihuri ofisi ya ardhi, lakini hilo jina la Wakili alilishikilia, na ukimwita Evaristo mtupu hakusikii.

"Bi Obdulia," akasema, "kanuni ni kanuni. Wa asili anapewa kijani, toleo jipya bluu, na aliyechezewa anapewa hiki. Usinione mbaya."

"Bado sijakuona mbaya," Obdulia akamjibu. "Kirudishe mfukoni nisije nikakuona."

Binti yake Yuridia, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kwenye duka la dawa anakofanya kazi ili amsaidie mama kubeba meza, akainama kujifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa anacheka.

Midoli mezani ilikuwa thelathini na mmoja, yote ya kundi moja, Walinzi wa Kobalto. Mtoto aliyekulia Neza miaka ya themanini asiyewajua hao hayupo: Kobalto mwenyewe na kofia yake ya chuma, Pumarán mwenye kucha ndefu, Sirena wa Barafu, na adui yao Daktari Óxido, ambaye kila mtoto alijifanya hamtaki huku akimtaka. Kiwanda kilichowatengeneza kilikufa zamani na mashine zake zikauzwa kama vyuma chakavu. Sasa miaka mitatu iliyopita kampuni nyingine ikanunua jina na kuwatoa upya, kadi ileile, plastiki ileile iliyotuna mbele, na juu yake maandishi makubwa: SAWASAWA NA WA UTOTO WAKO. Watu wazima wenye mvi na mikopo ya magari wakapanga foleni mlangoni mwa duka tangu alfajiri.

Obdulia naye alipanga. Ila wenzake walipofika nyumbani waliwatundika ukutani vilevile, ndani ya plastiki, na ole wako upumue karibu. Kwa watu hawa kufungua pakiti ni dhambi isiyo na kitubio. Obdulia alizifungua zote. Kazi yake ni kupaka wanawake kucha, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, kwa hiyo mkasi anao, pamba anayo, na dawa ya kufutia rangi anayo chupa kwa chupa. Akawafuta macho, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote thelathini na mmoja wakawa vipofu. Kisha akachukua brashi yake nyembamba kuliko zote akawapaka macho mengine kwa mkono, kama yale aliyoyajua utotoni.

Hicho ndicho kilichomkera Wakili.

"Ungewanunua ukawaacha tu walivyo, watu wangekuheshimu," akasema. "Mkusanyaji kazi yake kutunza. Wewe unafungua, unafuta, unapaka. Huo ni utoto wa watu unaoufuta."

"Utoto wa nani?"

"Wetu sote, mama."

Neno hilo lilimchoma Obdulia. Wangemwambia mkono wake mbaya, angevumilia. Wangemwambia hajui kanuni, angekubali, maana kweli alikuwa hazijui na wala hakuwa na haja nazo. Lakini kusikia kwamba utoto ule ni wa Wakili na wenzake, na yeye ndiye mgeni anayeuchezea, kulimfanya damu ichemke.

Maana midoli ile ilimlea. Kila Jumatatu gari la kiwanda lilisimama mlangoni kwao na kushusha magunia ya vichwa. Vichwa tu, havina miili, vya plastiki ya rangi ya nyama, laini usoni, hakuna jicho hata moja. Mama yake, Casilda Barragán, alivimwaga juu ya meza ya jikoni na kuanza kuvipa macho. Alikuwa na mtindo wake: alikishika kichwa kwa vidole viwili, juu chini chini juu, kidevu kikitazama dari, kwa sababu mkono ukikaa hivyo hautetemeki. Kwanza weupe wa jicho. Vikaushwe juu ya bati lililokuwa la kuchomea chapati za mahindi. Kisha mboni. Mwisho kabisa, kwa ncha ya kijiti, nukta moja nyeupe ya mwanga pembeni mwa mboni. Bila nukta hiyo, Casilda alisema, umepaka maiti.

Obdulia akiwa na miaka sita kazi yake ilikuwa kukausha na kuhesabu. Kubaki na kichwa hata kimoja hakuruhusiwa, maana msimamizi wa kiwanda alivihesabu wakati wa kushusha na wakati wa kupakia. Na msimu wa kazi nyingi ulikuwa kabla ya Sikukuu ya Wafalme, Januari sita, kila mtoto wa mtaa alipokuwa akisubiri kuweka kiatu chake mlangoni ili Wafalme Watatu wakipita wamwachie mdoli. Obdulia naye aliweka kiatu. Alipata soksi, chungwa, na mwaka mmoja daftari. Hakulia. Alikasirika tu, tena kwa akili ya kitoto: hao Wafalme wanakuja kuchukua mzigo wao jikoni kwetu, halafu wanatupita.

Watu wa chama wakimuuliza kama alikuwa na Kobalto utotoni, huwajibu, "Nilikuwa nao mia nne kila wiki." Wanadhani anatia chumvi.

Sasa kuna jambo ambalo Obdulia hakuwa amemwambia mtu, hata Yuridia. Desemba aliyokuwa na miaka tisa, mama yake alishikwa na homa ya matumbo. Alilala hajitambui, na magunia mawili ya Kobalto yamesimama jikoni, na gari la kuvichukua vichwa linakuja Alhamisi. Obdulia alivipaka yeye, siku tatu, peke yake. Alikishika kichwa juu chini chini juu kama alivyoona, lakini yeye anatumia mkono wa kushoto, na mama yake alikuwa wa kulia, na hakuna aliyemwambia kwamba hapo mambo yanageuka. Mboni zote zikaenda ndani. Kobalto mia tatu na ushee wakatoka na makengeza, kila mmoja anachungulia pua yake.

Msimamizi alikuja, akaangalia, akacheka, kisha akasema hailipwi hata senti. Casilda, aliyekuwa ameanza kupata fahamu, akamwomba kutoka kitandani aviache virekebishwe. Msimamizi akasema sikukuu imefika, hakuna muda. Akavipakia hivyohivyo na vikauzwa hivyohivyo, na jikoni hakikurudi kitu. Casilda hakumpiga mtoto wala hakumsema. Alimwita tu akae kitandani, akamshika ule mkono wa kushoto, akalala nao kifuani. Obdulia aliona aibu kuliko kama angechapwa, na aibu hiyo aliibeba miaka arobaini na ushee. Casilda alifariki akiwa na jina lililoandikwa kwenye kadi ya kupigia kura na kwenye msalaba, basi. Macho aliyoyapaka yalikuwa yamejaa nchi nzima.

Kwa hiyo jambo alilolitaka Obdulia pale ukumbini lilikuwa moja. Alitaka mezani kwake pawekwe kadi yenye jina la mama yake, kama walivyowekewa wachongaji na wachora kadi kwenye meza nyingine. Ndicho alichojiandikishia. Na badala yake akaletewa kibandiko.

"Wakili," akasema, "yule mliyemweka katikati ya ukumbi ndani ya kioo, umeandika nini chini yake?"

Urrutia akanyooka. Huyo alikuwa mboni ya jicho lake: Kobalto Makengeza, wa asili, adimu kuliko wote. Watu walitoka mpaka mji wa Puebla kuja kumtazama. Wakili mwenyewe alikuwa ameandika kijitabu kizima juu yake. "Nimeandika ukweli," akasema. "Kosa la kiwandani. Jino la mashine ya kuchapia macho liliteleza, na kabla hawajagundua, kundi moja likawa limeshatoka."

"Mashine gani?"

"Ya kuchapia macho."

"Hiyo mashine ilikuwa na miaka tisa," Obdulia akasema, "na ilikuwa na usingizi."

Waliokuwa karibu wakacheka. Mwanamume mmoja wa meza ya jirani, aliyekuwa akiuza magari madogo ya bati, akasema leo bibi kaja na hadithi, mleteeni kahawa anywe atulie. Yuridia ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake.

Obdulia akaligeuzia lile kasha la kioo mgongo, makusudi, ili asije mtu akasema kachungulia. "Chukua kioo chako cha kukuzia," akamwambia Wakili. "Nyusi ya kulia ina pengo katikati, jembamba. Brashi ilikuwa imenyonyoka manyoya na hatukuwa na nyingine. Na ile nukta nyeupe ya mwanga iko jicho la kushoto peke yake. La kulia nililisahau kwa wote. Nilikuwa nasinzia."

Wakili alikwenda, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa unamwangalia, na asingekwenda angeonekana anaogopa. Alifungua kasha. Aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na yule muuza magari aliacha kucheka bila mtu kumwambia.

Aliporudi sauti ilikuwa nyingine. Alimshika Obdulia kiwiko kwa adabu, akampeleka pembeni, penye birika la kahawa.

"Hilo pengo kwenye kijitabu nimeliita alama ya jino," akasema taratibu. "Kurasa nne."

"Pole."

"Bi Obdulia, wewe unajua hii maana yake nini? Wewe ni hazina. Mimi nitaandaa cheti, wewe utaweka sahihi kwamba huyu ni wa asili, na leo hiihii unahamia meza kuu. Nitakutambulisha mwenyewe kwenye kipaza sauti."

Asikudanganye mtu kwamba hakutamani. Alitamani mpaka mate yakamkauka. Meza kuu ilikuwa na kitambaa cheupe, na watu waliokaa pale waliletewa maji. "Cheti kitasemaje?" akauliza.

"Kwamba amepakwa kwa mkono na mafundi wa kiwanda."

"Andika: amepakwa na Obdulia, binti wa Casilda Barragán, jikoni kwao, mama yake akiwa mgonjwa."

Wakili akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Haiwezekani."

"Kalamu huna?"

"Kampuni ndiyo iliyolipia ukumbi huu. Bango lao unaliona. Wakisikia habari za watoto na jikoni na gunia, tena wiki ya Wafalme, mwaka kesho hatuna pa kukutania. Watu wanakuja hapa kufurahi, mama. Hakuna anayetaka kujua hayo." Akarudisha miwani usoni. "Na wale wa mezani kwako, uwaondoe tu kwa leo, tusije tukawachanganya watu."

"Wewe je, ulitaka kujua?"

Urrutia akatazama chini. Tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. "Huyo mdoli alininunulia mama yangu," akasema. "Alifua nguo za watu mwezi mzima. Asubuhi ya Wafalme nikamkuta kwenye kiatu changu, na makengeza yake, na wenzangu wakanicheka, na mimi sikumbadilisha. Nililala naye mpaka nikaota ndevu. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu nimeandika jina la mama."

Obdulia moyo ukamlainika kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akamtazama, akamwona yule mtoto. Lakini haukulainika kiasi alichotaka Wakili.

"Basi mama yako na mama yangu walipishana njiani," akamwambia. "Wako yuko ukurasa wa kwanza. Wangu umemwita mashine. Sahihi siweki."

"Ukikataa nitabandika chekundu. Sina njia nyingine, kamati inaniangalia."

"Utabandika kwenye meza gani? Meza ni yangu, nimekuja nayo kutoka nyumbani."

Akarudi, akamwambia Yuridia ashike upande wa nyuma. Hawakushusha hata mdoli mmoja. Waliinyanyua meza na Walinzi wote wakiwa wamesimama juu yake, wakakatiza ukumbi katikati, Obdulia mbele anarudi kinyumenyume na kichwa ameinua. Watu wakawapisha. Wengine walitazama pembeni, kijana mmoja akapiga picha. Karibu na mlango Pumarán alianguka, na yule muuza magari ndiye aliyemwokota akamrudisha juu.

Nje waliweka meza kwenye ukingo wa barabara, kati ya mtu aliyekuwa anauza betri na mwanamke aliyekuwa anauza tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani, na uji mtamu. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Yuridia akapangusa jasho.

"Mama, mgambo watatufukuza hapa."

"Watufukuze. Nimeshafukuzwa mara moja leo, sioni geni."

"Mbona hukuwahi kuniambia? Ya gunia, ya bibi?"

Obdulia alipasua ubavu wa sanduku la kadibodi, akachukua chupa ya rangi ya kucha, ile nyekundu ambayo wateja wake huipenda kwa harusi, akaanza kuandika herufi kubwa. "Nilikuwa naona haya," akasema akiwa ameinama. "Niliona nimemharibia mama jina. Kumbe jina lenyewe hakuna aliyekuwa nalo." Kadi aliisimamisha mbele ya Kobalto. Iliandikwa: MACHO YA WALINZI WA ASILI ALIYAPAKA CASILDA BARRAGÁN JIKONI KWAKE. YENYE MAKENGEZA NI YANGU. SHIKA UKITAKA.

Saa nzima ilipita na hakushika mtu. Waliokuwa wanaingia ukumbini walisoma, wakatabasamu, wakaenda zao kutazama walio ndani ya plastiki. Mtu wa betri alimuuliza kama midoli ina king'ora cha kutumia betri. Obdulia alikaa wima kwenye kiti chake, lakini ndani alikuwa ameanza kujiuliza kama si ujinga huu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu kukaa juani na midoli kwa ajili ya kiburi, wakati kitambaa cheupe kiko mita ishirini tu. Yuridia aliona mama yake anavyotazama mlango. Akajifanya hajaona.

Ndipo akasimama mama mmoja aliyetoka sokoni, mnene, nywele zote nyeupe, anaburuta kitoroli cha vitunguu na kuku. Alisoma kadi akiwa mbali. Akasogea akaisoma tena, midomo ikicheza. Kisha, bila salamu, akamshika Kobalto mmoja, akamgeuza juu chini, akamwangalia miguuni.

"Viatu umekosea," akasema.

Obdulia alikuwa ameshachoka na wajuaji. "Viatu sijavigusa, dada yangu. Vimetoka hivyo kwa kampuni."

"Basi kampuni ndiyo imekosea. Kisigino kilikuwa na mstari wa njano, mwembamba, umezunguka mpaka nyuma. Hawa wameweka kijivu. Mstari wa njano ulikuwa unasumbua, usiniambie mimi. Ukitetemeka kidogo tu unafuta unaanza upya, na msimamizi anakukata."

Mwanamke wa tamale aliacha kufunika sufuria.

"Wewe ulikuwa unapaka viatu," Obdulia akasema.

"Miaka saba. Walikuwa wanatuletea miguu kwenye magunia. Mimi nilidhani wanaopaka macho wako huko kiwandani, wamevaa makoti meupe." Akamtazama Obdulia usoni, kisha akaitazama kadi. "Jikoni?"

"Jikoni."

"Mtaa gani?"

"Wa nne."

"Sisi wa saba," mama yule akasema. Akamrudisha Kobalto mezani, akaegemea kitoroli. "Mtaa wa saba. Tungejua, si tungekuwa tunapika pamoja."

Obdulia akainuka. Akamsogezea kiti chake, akamkalisha, akafungua tena chupa ya rangi nyekundu na kupiga magoti mbele ya kadi.

"Jina lako, dada. Lote."

"La nini?"

"Niandike."

Yule mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa kitu kwa lugha aliyoisahau. "Fidencia Rosales Nava," akasema. Kisha, Obdulia alipokuwa bado anamalizia herufi ya mwisho, akaongeza haraka, asije akanyimwa, "Na uandike Amparo, dada yangu. Yeye alikuwa anapaka mikanda. Na Bi Tomasa wa nyumba ya nyuma, wa kofia, na binti zake wawili."

Kadi ilikuwa imejaa. Yuridia alikuwa ameshavuka barabara kwenda kuomba sanduku kubwa zaidi.